Shati la Machimboni

Baba yangu ni fundi viatu. Ana mgongo uliopinda kidogo, kidole gumba kilichoota sugu, na maneno ya kuhesabika. Mteja akiuliza kiatu kitakuwa tayari lini, Baba hunitazama mimi, nami hutaja siku. Nimekaa kwenye cherehani yake ya kushonea ngozi, pale karibu na mlango, tangu nilipomaliza shule. Nimeolewa, nimezaa, na bado nipo pale pale. Watu husema nina ulimi mkali, na sikatai. Lakini siku moja nilipouhitaji kweli kweli, ulilala.

Maneno ambayo Baba hakuwapa wateja aliwapa mbwa wake. Alikuwa nao watatu, nyuma ya karakana, kwenye ua wa saruji ambao aliufagia mwenyewe kila asubuhi kabla hajanywa chai. Mkubwa wao alikuwa jike la rangi ya vumbi, sikio moja limekatika ncha, jina lake Karani. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuanza jambo lolote bila kukagua. Ukimwekea maji analinusa bakuli kwanza. Ukimfungulia mlango anasimama kizingitini, anatazama kushoto, anatazama kulia, kama mtu anayetafuta pahali pa kugonga mhuri. Akisharidhika ndipo anatoka.

Nje ya mji wetu kuna mashamba, na mashamba yale yanasumbuliwa na nguruwe mwitu. Kundi likiingia usiku mmoja, mahindi yanalala chini yote. Baba alikuwa na kibali cha kuwawinda, karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya pochi, pamoja na picha ya marehemu mama yangu. Msimu ukifunguliwa, wakulima walimwita, naye alikwenda na mbwa na mkuki mfupi. Wapo wanaodhani kuwinda na mbwa ni kuwaachia tu, halafu unakimbia nyuma yao ukipiga kelele. Baba aliwadharau watu hao, na ni watu wachache sana aliowahi kuwadharau.

Kwanza, hakuingia shamba la mtu bila kupiga hodi, hata kama mwenye shamba ndiye aliyemwita jana yake. Pili, kila mbwa alivaa mkanda wa shingo ulioshonwa na mimi, wenye kengele ndogo ya shaba. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kengele ni ya kazi gani, kwa sababu nguruwe si wangesikia na kukimbia? Akaniambia, "Ndiyo kazi yake. Mwenye watoto apate nafasi ya kuondoka nao." Na nguruwe wakishazaa, mbwa walifungwa uani hadi watoto wapoteze mistari ya mgongoni wanayozaliwa nayo. Miezi ile mitatu minne hakuwinda hata akibembelezwa. Kuna kijana mwuza nyama aliyewahi kwenda naye mara moja, akawaacha mbwa wamng'ang'anie nguruwe aliyekwisha kuanguka, huku yeye anacheka. Baba alimmaliza mnyama kwa pigo moja, akafuta mkuki, akamwambia yule kijana arudi mjini kwa miguu. Ni mwendo wa saa tatu. Kijana alidhani ni mzaha mpaka alipoona gari linaondoka.

Lakini adabu aliyoishika kuliko zote ilikuwa ya kurudi. Kabla ya kuwafungua mbwa, Baba alichagua mahali, akakaa nao pale kidogo, wakapanusa. Mahali hapo ndipo pa kuachia, na ndipo pa kukutania. Mbwa akipotea, au akiumia, arudi pale alipoachiwa alale asubiri. Naye Baba, kama mbwa mmoja hakuonekana, alivua shati lililolowa jasho lake, akaliacha pale chini, na kila alfajiri akarudi mpaka ampate. Mwaka fulani Karani alipotelea bondeni kwa siku mbili. Siku ya tatu tulimkuta amelala juu ya shati la Baba, kidevu kwenye kola, na hakuinuka mpaka Baba alipoligusa. Tulivyocheka siku ile. Nililifua lile shati mara nne na harufu haikutoka.

Katika mambo yote hayo Baba alikuwa na mwenzake. Huyo ni mchora mabango, mji mzima unamwita Rangi, na pikapu yake ndiyo iliyowapeleka mashambani. Kibao kilicho juu ya mlango wetu alikichora yeye. Damu yetu si moja, lakini nimemwita Baba Mdogo tangu nilipojua kusema, na siku tuliyomzika mama ndiye aliyeshika jeneza upande wa pili. Alikuwa na kigoda chake karakanani. Mteja akikikalia, Baba alimwambia, "Hicho kina mwenyewe." Rangi alikuwa na maneno ya watu wawili, Baba hakuwa na ya mmoja, kwa hiyo walikwenda sawa. Kwenye hadithi zake Rangi alitia chumvi bila kupima. Alianza kusema "mbwa wetu", na baada ya miaka michache, mbele ya wageni, ikawa "mbwa wangu". Tulisikia, tukacheka. Tuliona ni utani wa kwetu.

Mwaka jana binti yake Rangi aliposwa. Baba wa kijana ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na Rangi akawa hana usingizi kwa furaha na hofu. Kila siku alikuja na jambo jipya la huyo mwenye duka, ambaye sasa alimwita mkwe: mkwe ana hiki, mkwe amefika kule, mkwe anapenda sana habari za uwindaji. Hapo nami ningepaswa kushtuka. Lakini nani anamchunguza baba yake mdogo?

Jumanne moja, msimu umefungwa, Baba alikuwa amekwenda kliniki ya macho. Rangi akasimamisha pikapu yake mbele ya karakana, mtu mmoja amekaa ndani.

"Shikamoo Baba Mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mzee ameshaondoka?"

"Yuko kliniki. Foleni ile, hatoki kabla ya saa nane."

"Najua, tuliongea jana. Kasema nimchukue Karani nikamnyooshe miguu kidogo. Amenenepa tangu msimu ufungwe."

Karani hakuwa amenenepa. Niliona hilo. Niliona pia viatu vya yule mtu ndani ya gari, kwa sababu mimi huanza kumtazama mtu miguuni. Ni maradhi ya kazi. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi laini, vimepigwa dawa vikang'aa. Hakuna anayemnyoosha mbwa miguu kwa viatu vile. Ningeweza kumpigia Baba simu. Lakini ungempigia baba yako umwulize nini, kama rafiki yake wa miaka thelathini anasema kweli? Nikaona aibu kwa niaba yake. Nikaenda uani, nikamvisha Karani mkanda, nikamkabidhi kamba.

Pale kizingitini Karani alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akanitazama mimi. Nikamwambia, "Nenda na Baba Mdogo." Akaenda.

Saa tisa Rangi alirudi peke yake. Baba alikuwa ameshafika, macho mekundu kwa ile dawa ya matone, amekaa kwenye benchi akisubiri yatulie. Rangi alisimama mlangoni, shati limelowa jasho, machozi yanamtoka. Yalikuwa machozi ya kweli, na mpaka leo sijui niyaweke wapi.

"Ndugu yangu, Karani amenichomoka."

Baba aligeuza uso taratibu. Hakuuliza nani alimpa ruhusa. Hakunitazama mimi. Aliuliza swali moja tu, lile alilowauliza watu miaka yote.

"Ulimwachia wapi?"

Rangi alijifuta uso. "Machimboni. Yale machimbo ya zamani ya mawe. Kwenye ile mashine mbovu ya kokoto."

"Basi hajapotea," Baba akasema. "Anajua la kufanya." Akasimama, akachukua fimbo na chupa ya maji, na mimi nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza.

Machimbo yale yako upande wa pili wa mji, shimo kubwa lenye vumbi jeupe kama unga. Daktari alikuwa amemwambia Baba aepuke vumbi. Alivua shati, akalitandaza chini ya ile mashine, akakaa mbali kidogo ili mbwa asisite kuja. Jumatano alfajiri alirudi. Nilimpelekea chai na mkate, nikamkuta Rangi yuko naye, wamekaa bega kwa bega juu ya jiwe moja. Moyo wangu ulimhurumia Rangi. Nikamwona ni mtu aliyekosea na amekubali kubeba kosa lake. Nikammiminia chai yeye kwanza.

"Na wewe vua shati lako," Baba alimwambia. "Alitoka na wewe. Huenda ananusa la kwako."

Rangi alilitazama shati lake. Kisha akavua, akalitandaza sambamba na la Baba, akalinyoosha mikono kama mtu anayetandika kitanda. Halafu akaweka viganja mdomoni akaita. "Karani! Karani eee!" Sauti ilizunguka shimoni ikarudi. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Akaita tena, na Baba akaita baada yake, na hivyo ndivyo walivyoshinda Jumatano nzima na Alhamisi nzima, wakipokezana.

Jumatano hiyo hiyo jioni Rangi alipita karakanani. Alikuwa na mfuko wa plastiki.

"Mwanangu, hivi ni vya mkwe. Soli ya kulia imeachia. Mzee usimsumbue navyo, ana mawazo. Shona wewe."

Kazi ilikuwa imetujaa, Baba hayupo, mimi nakimbia kati ya karakana na machimbo. Niliutupa mfuko kwenye rafu. Hapo ndipo ninapojilaumu kuliko hata ile Jumanne, maana Jumanne nilidanganywa, lakini Jumatano na Alhamisi ukweli ulikuwa umewekwa juu ya rafu, umbali wa mkono wangu, ndani ya mfuko ambao sikuufungua.

Niliufungua Ijumaa asubuhi. Nilikitoa kiatu cha kulia, nikakipindua nikichomeke kwenye kalibu, ule mguu wa chuma, na vidole vyangu vikagusa udongo. Si vumbi jeupe. Ulikuwa udongo mweusi, mzito, umekauka ndani ya pengo la soli kama gundi. Nikauchokonoa kwa bisibisi. Ndani yake mlikuwa na maganda ya alizeti, yale yenye mistari myeusi na myeupe. Si moja wala mawili. Yalikuwa yameshindiliwa humo mpaka kisiginoni.

Hapa kwetu ni mtu mmoja tu anayemwaga maganda ya alizeti njiani. Ni mwanamke mmoja mkulima, upande wa bondeni, mwendo wa saa nzima kwa gari. Ana mashine ndogo ya kukamua mafuta, na maganda yanayobaki anayamwaga kwenye njia yake na kuzunguka tangi lake la maji, ili tope lisimsumbue. Tunamwita Mama Alizeti. Miaka minne nyuma, wawindaji wengine waliingia shambani mwake bila hodi, mbwa wao wakamrarua nguruwe jike mbele ya macho yake, watoto sita wakibaki wanazunguka kwenye mahindi wakilia. Tangu siku ile alifunga geti kwa kila mtu mwenye mbwa. Baba alikwenda kwake mara tano kabla hajamkubalia, na alimpa neno lake: kwenye miezi ya watoto, hakuna mbwa wa kwake atakayekanyaga pale.

Sikufunga mlango wa karakana. Nilitoka na kiatu mkononi.

Walikuwa wamekaa pale pale. Macho ya Baba yalikuwa yamevimba kwa vumbi mpaka yakabaki mistari. Nilikiweka kiatu juu ya mapaja yake, soli juu. Akakishika kama anavyoshika viatu vyote, akapitisha kidole gumba kwenye pengo, akanusa. Akatoa ganda moja, akalileta karibu na jicho, akaligeuza. Ilichukua muda. Kiatu hicho hakuwahi kukiona, lakini fundi haulizi kiatu kimetoka wapi, kiatu chenyewe kinasema.

"Cha nani?" akaniuliza.

"Cha mkwe wake Baba Mdogo."

Baba akamgeukia Rangi. Shati la Rangi lilikuwa bado limetandikwa chini ya mashine, limekuwa jeupe.

"Ulimwachia wapi?"

"Ndugu yangu—"

"Sikukuuliza mimi ni nani wako."

Rangi aliangalia chini. "Kwa Mama Alizeti," akasema. "Nyuma ya tangi."

"Washa gari," Baba akasema.

Nilipanda nyuma ya pikapu, katikati ya makopo ya rangi. Kupitia kioo niliona migongo yao miwili, na sikuona hata mmoja akigeuza kichwa njia nzima. Mimi nilikuwa nahesabu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, leo. Nikajiambia Karani ana maji karibu, tangi lipo pale. Nikajiambia ni mbwa mgumu. Nilijiambia mengi.

Geti lilikuwa limefungwa. Baba alishuka, na hata siku ile, hata na hali ile, alisimama nje na kugonga.

"Hodi."

Mama Alizeti alitoka kwenye banda la mashine akijifuta mikono kwa kanga yake. Ni mwanamke mrefu, haongei haraka.

"Leo ndiyo unapiga hodi?"

Baba alishusha mkono.

"Jumanne hukupiga. Niliona gari hili hili nyuma ya tangi. Nilikuwa mbali, nikasikia nguruwe anapiga kelele, nikakimbia. Jike, na watoto wanane, mzee wangu, wadogo hivi. Nilipofika mnaondoka. Nikasema hivi ndivyo mtu wa neno lake anavyofanya."

"Mbwa yuko wapi?" Baba akauliza.

Alitutazama mmoja mmoja, kisha akafungua geti.

Alituambia huku tunatembea juu ya maganda yake, na sauti yake ilipungua kadiri tulivyokaribia tangi. Nguruwe alikuwa amempasua Karani paja la nyuma. Mama Alizeti alimkuta jioni ile amejivuta mpaka nyuma ya tangi, pale kwenye alama za magurudumu, amelala uso kuelekea barabarani. Alimwekea maji, akanywa. Alitaka kumbeba ampeleke ndani, Karani akamkamata mkono kwa meno, bila kuuma, akamshika tu mpaka mama akakubali kumwacha. Alijaribu tena Jumatano, ikawa vile vile. Chakula hakugusa.

"Nilimjua ni yule wa sikio lililokatika. Nikasema, si uliniambia mwenyewe kwamba mbwa wako husubiri pale alipoachiwa, nawe humfuata? Basi na mimi nilikungoja. Nilikupigia simu mara mbili, hupatikani. Nikaona umezima."

Machimboni chini hakuna mtandao.

"Jana jioni lilipita lori," akasema. "Alisimama. Kwa mguu ule, alisimama wima kabisa. Lori likapita, akalala tena. Leo alfajiri nimemkuta ameshakwenda."

Alikuwa amefunikwa gunia safi, kingo zimewekewa mawe. Baba alipiga magoti akalifunua. Alimgusa ile ncha ya sikio, kisha akapeleka mkono shingoni, kwenye mkanda. Kengele haikulia. Akaigeuza. Ndani yake kulikuwa na kitambaa kimeshindiliwa kwa nguvu, na kitambaa kile kilikuwa na madoa ya rangi, nyekundu na buluu.

Kiatu kinaweza kupotea njia. Mtu anaweza kusema nilikosea, nilizidiwa na mgeni. Lakini kitambaa kile mtu alikaa, akakichana, akakishindilia kwa kidole ndani ya kengele ya mkanda nilioushona mimi, mbwa akiwa amemtulia mapajani.

Hapo ulimi wangu uliamka. Nilimweleza Mama Alizeti kila kitu, tangu Jumanne asubuhi, mchora mabango, mkwe, machimbo, mashati mawili. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Mama Alizeti alisikiliza, akamtazama Rangi aliyebaki ameshika mlango wa gari, kisha akamwambia Baba, "Kumbe sikujua. Nisamehe, mzee wangu."

"Hapana," Baba akasema. "Neno lilikuwa langu. Ni mbwa wangu aliyekanyaga."

Alichimba mwenyewe, kwa jembe la kuazima, baada ya kuomba ruhusa ya mahali. Alimlaza Karani juu ya shati lile jeupe la vumbi, ambalo alikuwa amelichukua machimboni bila mimi kuona. La Rangi alikuwa ameliacha kule.

Alipomaliza, alimfuata Rangi mpaka kwenye gari. Nilidhani atampiga. Ningefurahi ampige.

"Siku tatu umekaa na mimi ukiita," Baba akasema. "Ulikuwa unamwita nani?"

Rangi alilia. Akasema alikuwa amemwambia mkwe wake, zamani, kwamba mbwa ni wake na mashamba yote yako wazi kwake. Mkwe akataka kuona. Akaona aibu kurudi nyuma. Nguruwe alipogeuka, mkwe alichanika kiatu kwenye waya akikimbia, akapiga kelele waondoke. Akasema aliogopa kwamba Baba akijua alikwenda kwa Mama Alizeti, urafiki utakwisha.

"Lakini ulimwona ameumia."

"Nilimwona."

"Na ukajua atarudi pale ulipomwachia."

Rangi alijibu kwa sauti ndogo. "Nilidhani hatafika jioni. Nilidhani ameshakwisha, kwa hiyo haina tofauti tukimngojea wapi."

Baba aliitikia kwa kichwa, kama mteja aliyetajiwa siku. Tulirudi mjini kwa lori la mtu wa mbolea, mimi na yeye, na mkanda wa Karani mfukoni mwake. Alikuwa ametoa kitambaa, kwa hiyo kila shimo la barabarani kengele ililia.

Viatu vya mkwe alivishona Baba mwenyewe usiku ule ule, kwa mkono, mishono midogo midogo. Kazi nzuri kama hiyo sijaiona akifanya tena. Asubuhi aliniambia nivipeleke na niseme nini. Nilimkuta mwenye duka nyuma ya kaunta, nikamwambia, "Baba anakusalimu. Anasema mbwa alikuwa wa kwake, na amekufa." Yule mtu alinitazama, akatazama viatu. "Ni mbwa wa nani?" akauliza. Nikaondoka, aendelee kuuliza nyumbani kwake.

Harusi ilifungwa, nasikia ilipendeza. Kadi yetu ililetwa na mtoto wa jirani. Mbwa wawili waliobaki Baba alimpa mfuga ng'ombe ambaye anawataka kwa ulinzi tu, na kibali alikirudisha ofisini kabla hakijaisha muda. Kwa Mama Alizeti huwa anakwenda bado. Msimu ukifunguliwa anapiga hodi, anamwambia hana mbwa, anapewa kikombe cha chai, anarudi. Kigoda cha Rangi kipo pale pale. Siku hizi mteja akikikalia, Baba hasemi kitu.

Mimi hajanilaumu hata mara moja. Nilimwomba msamaha jikoni, nikalia mpaka nikaishiwa pumzi, naye akaniambia, "Uliambiwa na mtu mzima unayemwamini. Ungefanya nini?" Nikashukuru, nikadhani yamekwisha.

Ila kuna jambo moja. Miaka yote ile, nikimwambia kiatu kimekwisha, alikichukua mkononi mwangu na kumpa mteja bila kukitazama. Sasa nikimwambia kimekwisha, anasema, "Haya, mwanangu," kwa upole ule ule wa zamani. Kisha anakigeuza, anakisogeza karibu na yale macho yake mabovu, na anakagua soli.